Shauri la Mwezi: Viungo vya Mbele vya Gari la Zamani

Mwezi huu twaliacha kidogo shauri la bustani, tupate kusema juu ya gari la mtaa. Walimu wametuuliza hivi: Gari letu la zamani limeanza kuyumba njiani, usukani watikisika mikononi, na matairi ya mbele yaliwa upande mmoja, je, liuzwe? Wazee wengine wamekwisha kujibu ya kuwa ni uzee, nao uzee hauna dawa. Sisi twaona neno hilo limesemwa upesi mno. Gari hilo ndilo linalowachukua akina mama wenye uchungu usiku kwenda hospitali, na likiuzwa bure leo, kesho watachukuliwa na nini?

Gari tunalolinena ni Land Rover ile ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata 1985. Ekseli yake ya mbele ni ngumu, nayo imefungwa kwa yubolti kwenye springi mbili za mabapa ya chuma. Katika ncha za springi zimo bushi za raba. Penye kila gurudumu iko pini ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hugeuka juu yake. Na fimbo za usukani zina boljointi mwishoni. Mtume Paulo aliposema juu ya viungo vya mwili hakuwaza motakaa, lakini dereva aonaye bushi moja imekufa na gari zima likiyumba atamfahamu vema.

Basi kabla ya kununua kitu, tafuteni kiungo kilicholegea. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe mazito, inueni mbele kwa jeki, kisha wekeni magogo imara chini ya chesisi. Matofali hayafai, maana hupasuka ghafula. Wala mtu awaye yote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mmoja ashike gurudumu juu na chini, alisukesuke. Likicheza, mwenziwe akanyage breki. Mchezo ukitoweka, kilicholegea ni beringi ya gurudumu, nayo pengine yataka kukazwa tu. Ukibaki, ni pini. Kisha alishike kulia na kushoto. Likicheza hivyo, na beringi ni nzima, zitazameni boljointi. Bushi nazo hupimwa kwa mtaimbo: penyezeni kati ya ncha ya springi na chesisi, mshindilie kidogo, mtaona kama raba imekwisha.

Wako wanaokimbilia kununua shokomzoba mpya au matairi mapya. Hayo ni kumpaka mgonjwa mafuta juu ya nguo. Tairi jipya litaliwa kama lile la kwanza.

Kazi iliyo ngumu ni ya bushi zile zilizomo ndani ya chesisi, nyuma ya springi za mbele. Ganda lake la chuma hushikwa na kutu hata likawa kama limezaliwa humo. Mafundi wengine huichoma raba kwa moto. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu, nasi hatupendi kuona vijana wa gereji wakiuvuta. Afadhali kuitoboa raba kwa keekee, kisha kulikata ganda taratibu kwa msumeno wa chuma, bila kuijeruhi chesisi. Na hapo chesisi yenyewe ichunguzwe. Ikiwa imeliwa na kutu pande zote, bushi mpya ni fedha iliyotupwa. Ichomelewe kwanza na fundi hodari, la sivyo gari lisitoke.

Springi zibadilishwe mbili pamoja, na mwulizeni mwuzaji ipi ni ya upande wa dereva, maana hazifanani. Yubolti za zamani zisirudishwe. Tena liko jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: bolti za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya magogo. Zifungwe kidogo tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe kabisa. Kwani zikikazwa juu, raba hujisokota gari linaposhuka, nayo hupasuka mapema. Kisha watu husema vipuri vya siku hizi ni vibovu.

Pini zikicheza, chini ya pini ya juu mna vibati vyembamba. Kuvipunguza huondoa ulegevu mdogo. Lakini ile tufe ya chuma ing'aayo ikiwa na mashimo ya kutu, sili itachanika, mafuta yatavuja na maji yataingia, wala vibati havitasaidia. Boljointi ni rahisi: hesabuni mizunguko mnapoifungua, mrudishe kwa hesabu ile ile. Kisha fundi apime magurudumu. Mbele yakaribiane kuliko nyuma kwa milimeta 1.2 hata 2.4.

Hata kazi hii iishe, twawasihi wazee wa mtaa gari lisipakie watu, wala kwa harusi wala kwa mkutano. Likitengenezwa, liende safari moja fupi bila abiria, kisha yubolti zikazwe tena.

Mwalimu aliyeuliza juu ya mafuta ya breki atajibiwa mwezi ujao.