Namba Mbili Walipungukiwa na Nini?

Nimesoma hoja kwamba wimbo ulioishia namba mbili lazima ulipungukiwa na kitu. Sikubaliani nayo hata chembe. Watazameni Creedence Clearwater Revival wa Marekani: kati ya 1969 na 1970, santuri zao tano zilifika namba mbili kwenye chati ya Billboard, na hakuna hata moja iliyopanda zaidi. "Green River" ilizibiwa njia na "Sugar, Sugar" ya The Archies, bendi ya vikaragosi vya televisheni! "Bad Moon Rising" nayo ilikwama kwao, lakini Waingereza wakaipa namba moja mwaka uleule. Wimbo ni uleule, sauti ileile. Tofauti ni nani aliyekuwa mbele yake wiki hiyo.

Halafu sikilizeni "Proud Mary" yao, gitaa la mwimbaji wao John Fogerty linavyoshuka ngazi kwa ngazi kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1971 Ike na Tina Turner waliuchukua. Tina akauanza taratibu, kama anayesimulia, kisha ngoma zikalipuka. Nao uliishia namba nne, na Tina akauimba hadi ziara yake ya mwisho, 2009.