Kababu si mkate ulionusishwa nyama

Haya wadau, leo siongelei TP wala matokeo. Naongelea kababu, tena kwa hasira, maana bumu langu linaliwa na watu wanaouza mkate wa kukaanga na kuuita nyama.

Zile za karibu na geti mnazijua. Nje kahawia safi, inavutia. Ukiivunja, ndani kweupe kama ugali, vinyama viwili vitatu vinatafutana humo. Ukiuliza unajibiwa, "Dada, nyama imepanda." Sawa imepanda, basi si useme unauza kachori? Kachori ina heshima yake, kila mtu anajua ni viazi. Ila bei ya nyama kwa kitu kisicho na nyama, hapana jamani!

Halafu kuna kundi la pili, na hili linaniudhi zaidi sababu ni wenzangu kabisa: "kababu ya kweli haiwekwi mkate." Nani kasema? Haya chukua steki tupu isiyo na mafuta, isage, ikaange uone. Unapata kitenesi. Nyama ikipata moto inajikunja na kujikamua maji yake. Mkate uliolowekwa unayanywa na kuyashika humo humo ndani. Hiyo ndiyo kazi yake. Nusu kilo ya nyama ya kusaga, slesi 2, loweka kwenye maziwa au maji kidogo, kamua, changanya. Ukifikisha slesi 6 hapo tumesharudi kwa yule wa getini.

Na nyie wa kumwaga viungo vya pakiti mkidhani mmemaliza... Ladha inaanzia kwenye uzile na giligilani ulizokaanga bila mafuta ukazitwanga mwenyewe. Kisha thomu, tangawizi, pilipili manga, kotmiri. Kitunguu kikatwe kidogo kabisa na kikamuliwe, maana maji ya kitunguu ndiyo yanayozivunja kababu kwenye karai, halafu mnasingizia bucha. Chumvi kijiko 1 cha chai, kisha kanda. Kanda mpaka nyama inate mkononi! Chumvi na kukanda ndivyo vinavyoishikisha, yai 1 linasaidia tu. Kaanga kidonge kimoja kwanza uonje, usionje mbichi.

Mafuta ya kukaangia hamna? Hiyo nayo si sababu. Paka sufuria mafuta kidogo, bonyezea mchanganyiko ule ule, funika, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama unaoka keki. Unapata mkate wa nyama wa kukata vipande. Hakikisha katikati hapajabaki wekundu, nyama ya kusaga si ya kuchezea. Ikiiva iache dakika 10 ndiyo ukate, la sivyo utamu wote unamwagikia kwenye sahani.

Najua mtasema hamna muda, semina nyingi. Mbona wa kupanga foleni getini mnao? Na msiniambie kupika ni kazi ya wasichana, maana getini nawaona wavulana watupu, wanalalamika huku wanatafuna.

Jumamosi geto kwetu tuko wanne, tunachanga nusu kilo. Anayekuja na slesi zaidi ya mbili atazinywea chai.