Kikombe Hakijui Shibe ya Mtoto

Na Rehema Kombo

Waliosema mwenye shibe hamjui mwenye njaa hawakumlenga mtoto mchanga, maana kwake mambo hugeuka: mlishaji ndiye asiyemjua aliyeshiba. Mtoto ameachia chuchu, ngumi zimefunguka na vidole vimelegea, uso kaugeuzia ukutani. Bado anarudishwa ziwani. Miezi sita ikipita na uji ukaanza, kijiko hugonga midomo iliyofumbwa mpaka kitako cha kikombe kionekane. Kosa letu, naona, ni kuchanganya maswali mawili. Kama mtoto ameshiba sasa hivi, mwenye jibu ni yeye. Kama anapata cha kutosha kukua, hilo hujibiwa na nepi na mzani wa kliniki: mchanga anayenyonya vizuri, kuanzia siku ya tano hivi, hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na uzito uliopungua siku za mwanzo huurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Kilio peke yake si ushahidi kwamba maziwa ya mama hayatoshi. Joto, usingizi na tumbo navyo huliza.

Tena jibu la mtoto si la kubahatisha. Daktari Samuel Fomon wa Iowa, Marekani, alionyesha mwaka 1969 kwamba wachanga waliopewa maziwa ya kopo mepesi walikunywa mengi zaidi, na waliopewa mazito wakapunguza. Hakuna aliyewahesabia.

Nitaambiwa: Tanzania, ambako utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, nani amsikilize mtoto anayekataa chakula? Hoja ni nzito, ila imeelekezwa siko. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo kabla ya kumpa mtoto nguvu. Kumbana pua amalize kikombe ni kumwongezea maji, na hatari ya kupaliwa juu yake. Uji wenyewe ndio wa kurekebishwa: uwe mzito, utiwe maziwa au karanga zilizosagwa, apewe kidogo kidogo, mara nyingi. Nakubali kwamba si kila ukimya ni shibe. Njiti, au mchanga mwenye manjano, anaweza kulala na njaa yake bila kudai. Huyo huamshwa anyonye. Na anayekataa kila mlo, au ambaye mstari wa uzito kwenye kadi yake umeanza kulala, apelekwe kliniki leo, asingojee siku ya mzani.