Mwamba upimwe kabla ya viwanja

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufukia sehemu ya mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Lawama ya kwanza ilikuwa kwa mvua, lakini maelezo ya Serikali yaliyofuata yalitaja jambo ambalo wapangaji wa ardhi hawalipi uzito: sehemu ya mlima ilikuwa na miamba dhaifu, ikanyonya maji, ikalemewa na kumeguka.

Hanang ni volkano. Milima ya aina hiyo hujengwa kwa tabaka za lava ngumu na majivu yasiyoshikamana vizuri. Majivu hunyonya maji kama sponji, na kadiri miaka inavyopita huoza yakawa udongo wa mfinyanzi. Maji yakijaa katika vitundu vyake huongeza uzito, na papo hapo husukuma chembe ziachane. Mteremko uliosimama karne nyingi waweza kushuka kwa usiku mmoja.

Mwamba mgumu nao si dhamana. Graniti huvunja nyundo, lakini ina nyufa, na nyufa zikilalia upande wa bondeni, anayechimba kifusi au kukata barabara chini yake ameondoa kilichokuwa kikiuzuia.

Kwa mkulima wa milimani suala hili ni zito zaidi. Bwana shamba humhimiza achimbe makinga maji ili mvua izame shambani. Ni ushauri mzuri dhidi ya mmomonyoko. Hata hivyo, kwenye mteremko mkali wenye majivu au mfinyanzi, maji hayo yaliyozamishwa ndiyo yanayolegeza udongo kwa chini. Huko inafaa mifereji ya kuyatoa taratibu, na miti yenye mizizi mirefu. Ushauri mmoja kwa wilaya zote hautoshi.

Same nayo ilipoteza watu kwa maporomoko ya Novemba 2009, na bado viwanja hugawiwa milimani kwa kutazama mipaka tu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) iko Dodoma na wataalamu inao. Halmashauri inayotenga fedha za kupima viwanja itenge pia fungu la kuwaita, kabla ramani haijapitishwa na kabla katapila halijagusa mlima.