Dhamana Ifungwapo na Sheria



Dhamana ni ahadi. Mshitakiwa hutoka rumande kwa kuwa mwenziwe amesimama mbele ya hakimu akatia sahihi: mtu huyu atahudhuria siku ya kesi, na asipohudhuria, mimi nitalipa. Marekani wameifanya biashara. Mdhamini hutoza kama asilimia 10, wala hairudi. Kwetu mdhamini ni ndugu au jirani, naye halipwi kitu.

Lakini yafaa nini ahadi ya jirani ikiwa sheria yenyewe imefunga mlango? Sheria ya Bara, katika kifungu kilichojulikana kwa nambari 148(5), yamkataza hakimu kutoa dhamana kwa makosa kama uhaini na ugaidi. Mei 2020 Mahkama Kuu ilikibatilisha. Agosti mwaka huo Mahkama ya Rufani ikakirejesha. Masheikh wa Uamsho walichukuliwa kutoka Visiwani, wakakaa rumande miaka mingi, na Juni 2021 mashitaka yakafutwa. Nani atawalipa miaka hiyo?

Kalamu ya kuirekebisha sheria iko Dodoma, Bungeni. Wabunge wetu waendao huko wadai hakimu arejeshewe uamuzi wake. Adhabu haitangulii hukumu.