Mavi ya kiboko yanasema



Wiki iliyopita mtoto mmoja wa darasa la tano aliniuliza kwa nini beberu akinusa mkojo wa mbuzi jike hukunja mdomo wa juu kama mtu anayecheka. Darasa lote likacheka, nami pia. Lakini ni swali la akili. Beberu anavuta ile harufu mpaka kwenye kiungo kidogo kilicho juu ya kaakaa, na kwa hiyo anajua kama jike yuko tayari kupandwa. Mkojo kwake ni habari. Na chui akikojolea kichaka porini, anawaambia chui wengine: mimi niko hapa.

Nimeanza na mbuzi ili nifike kwa kiboko, maana huyo tunakutana naye.

Kiboko dume akikunya kwenye njia yake au kando ya maji, huchapa mkia huku na huku kama fagio, hata mavi yanaruka juu ya majani. Si uchafu tu (ingawa uchafu upo!). Dume mwenye nguvu hulinda kipande chake cha mto, na harufu ile huwaambia wengine kwamba mahali pana mwenyewe. Usiku hutoka kula majani, karibu kilo 40, kisha hurudi majini kabla ya jua, mara nyingi kwa njia ileile, mwaka hata mwaka.

Shangazi yangu analima mpunga chini huko, Ruzizi inapokaribia ziwa Tanganyika. Siku moja alitoka alfajiri kwenda kufukuza ndege. Aliona mavi kwenye vichaka, pande zote mbili za njia, akasema moyoni ni ng'ombe za wafugaji. Lakini ng'ombe huangusha mavi chini, hayapandi kwenye majani. Hatua chache mbele akasikia pumzi kubwa. Alikuwa amesimama katikati ya kiboko na mto, na hapo ndipo mnyama huyu ni mbaya zaidi, kwa sababu anaona amefungiwa maji yake. Shangazi aliruka kwenye mfereji, kiboko akapita. Alivunjika mkono. Msimu ule hakuvuna kitu, na watoto wawili walirudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya masomo.

Basi, ukiona mavi yenye nyuzi za majani yamerushwa kwenye vichaka, simama. Yakiwa bado na majimaji, amepita usiku huu. Usichote maji hapo magharibi wala alfajiri, ngojeni jua lipande, muende wengi, na watoto wasitangulie na mabidoni. Anayelala shambani kulinda mazao asijenge kibanda kwenye njia hiyo. Wengine hufagia mavi wakidhani wamefunga njia. Kiboko atarudi tu, na ninyi mmejinyima alama ya kuwaonya. Wala msitegemee mbio: mwili ule wa zaidi ya kilo 1.000 hukimbia kuliko sisi.

Vikundi vyenye mashamba karibu na mto, mje Jumamosi na majina ya njia ambazo mmeona alama hizo. Nitaleta karatasi kubwa na kalamu, tuzichore pamoja, na wanafunzi wangu watainakili kwa ajili ya kila kikundi.