Mjusi wa Tendaguru

Wapo wasomi wetu wanaopenda kusema kwamba Wazungu wametutunzia mali zetu, nasi tuwashukuru. La hasha! Anayekutunzia mali hukuuliza utakuja lini kuichukua.

Mimi na mke wangu tulipokwenda Ujerumani kuwatembelea marafiki zetu, walitutembeza mjini Berlin, tukafika kwenye makumbusho alimosimamishwa dinosaria wa Tendaguru, yule tumwitaye mjusi. Kimo chake ni zaidi ya mita 13. Mke wangu, mzaliwa wa Lindi, alimtazama kwa muda, kisha akawaambia wenyeji wetu, "Huyu ni jirani yangu." Walicheka. Yeye hakucheka.

Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Lakini walioshika majembe ni watu wetu, na wapagazi wetu ndio walioibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200! Je, hao walitunziwa nini?

Siwalaumu marafiki zetu, walitukirimu mno. Nawalaumu wenzetu wanaoridhika. Ni haki gani hii, mtoto wa Lindi ahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege ili aone kilichotoka ardhini kwao? Tuidai mifupa hiyo bila unyonge, na wakati huohuo tujenge nyumba ya kuiweka. Adaiye mahindi naye hana ghala, hudai maneno matupu.